Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa udereva, Unguja

Saa 12 asubuhi
Kabla ya chai, kitambaa na ndoo ya maji. Nafuta kioo cha ndani, saidi mira zote mbili na kioo cha nyuma, mana umande na chumvi ya bahari vinaganda usiku kucha, mwanafunzi akikaa anaona ukungu tu afu tunamlaumu hatazami. Na mimi kiti cha kushoto nina kioo changu cha ziada nimebandika.

Saa 1 na nusu
Mama mmoja wa Fuoni, mtu mzima, kachoka kusubiri wanawe wampeleke. Gari hata hatujaliwasha. Namwambia mama kaa kwenye usukani, tazama saidi mira ya kulia usiondoe macho, mimi nashuka nasukuma Vespa taratibu kutoka nyuma nakuja ubavuni mwa gari. "Nakuona... nakuona... umepotea mwanangu!" Na mimi niko pale pale, nikinyoosha mkono nagusa mlango wake. Sasa geuza kichwa juu ya bega. "Ala! Kumbe upo!"

Hili namfanyia kila mwanafunzi kwa sababu ukimwambia kwa mdomo haliingii. Kioo cha pembeni kimebinuka ili kichukue eneo kubwa, kwa hiyo vitu vinaonekana vidogo na vya mbali kuliko vilivyo, na bado kuna pahala hakifiki kabisa, na Vespa nzima inaenea pale. Sisi tunaendesha kushoto, ukiwa umesimama pembezoni unataka kuingia barabarani basi chombo kinachokupita kinakuja kuliani kwako, ndo mana bega la kulia nalitaka litazamwe mwisho kabisa kabla tairi halijazunguka. Kioo cha ndani, cha pembeni, indiketa, bega, ondoka. Wengi wanawasha indiketa na kutoka hapo hapo, wakiamini wa nyuma atasimama.

Saa 3
Michenzani, kijana kamaliza skuli juzi juzi. Kwenye mzunguko anayetoka kulia ndo mwenye njia, hilo analijua, na kichwa anageuza vizuri ukimuona utasema huyu dereva. Nikamuuliza umeona nini kulia? Kimya. Shingo imegeuka macho hayajaona kitu, na hili ndo tatizo kubwa ninalokutana nalo, kubwa kuliko klachi, kuliko gia, kuliko kupanda kilima. Wazazi wanapiga simu wanauliza mwanangu gia keshajua? Gia atajua wiki hii hii inshaallah, macho ndo yanataka muda.

Basi nikamwambia kila unachokiona kitaje kwa sauti. "Daladala 505 inapunguza mwendo. Bodaboda anakuja. Mama na mtoto wanataka kuvuka." Sauti ikianza kutoka ndo najua anaona. Tukakaa pia na ile nguzo iliyoshika kioo cha mbele, inaficha bodaboda na abiria wake wote wawili, na kama mwendo wake unaendana na wako anaweza kubaki nyuma ya nguzo mpaka mnakutana. Usigande kitini, inama mbele kidogo, rudi nyuma, tazama tena.

Saa 5
Darajani. Mikokoteni, gari la ng'ombe, na watalii, ambao wengi wanatoka nchi za Ulaya zinazoendesha kulia, basi wanatazama upande mwengine kwanza na mguu ushashuka barabarani. Mtazame kichwa chake, kama hajakuona wewe ndo ushike breki. Tukisimama mwanafunzi hafungui mlango kwa mkono wa kulia, nataka wa kushoto, kwa sababu mkono ukivuka kifua kiwiliwili kinageuka chenyewe na macho yanaenda nyuma, anamuona mwenye baskeli kabla hajampiga mlango.

Saa 7
Swala, wali na samaki, kivulini kidogo.

Saa 9
Njia ya Tunguu mpaka Jozani. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni kama mita 11 kila sekunde, kwa hiyo ukichungulia simu sekunde mbili ushakula mita 22 huoni kitu. Jozani kima punju wanavuka, na akishavuka mmoja tegemea wa pili. Lakini kabla ya kukanyaga breki jicho liguse kioo cha ndani, daladala za shamba zinakuja nyuma karibu mno. Dada niliyekuwa nae alifanya hivyo bila kukumbushwa, nikamsifu palepale, mana mwanafunzi akifanya vizuri aambiwe.

Saa 11 jioni
Rivasi, uchochoroni kwao kaka mmoja wa Mombasa, ya hapa hapa Unguja. Gari yake imetoka Japani, ina kamera na skrini ya Kijapani, na yeye macho yote kwenye skrini. Nikaifunika kwa kitambaa. Kamera inakuonesha nyuma tu, na ukikata usukani pua ya gari inatupwa upande wa pili, pale watoto wanapocheza mpira. Nataka atazame pande zote, mabega yote mawili, afu ageuke atazame kioo cha nyuma, gari iende polepole kuliko mtu anayetembea, na akiona chochote hakielewi asimame. Akasimama njiani, akatazama tena, akaingiza gari uani bila mimi kusema neno. Kitambaa nikakiondoa, kamera ni yake aitumie, ila mabega kwanza.