Nilivyompeleka mama Ashikaga kuona maua ya fuji

Mara ya kwanza nilipokwenda Ashikaga Flower Park, bustani ya maua huku Japani, niliona zaidi migongo ya watu kuliko maua. Ilikuwa tarehe 3 Mei, katikati ya zile sikukuu zinazofuatana ambazo Wajapani wanaziita Golden Week, na nilikuwa nimelipia nafasi kwenye basi la kampuni moja ya utalii kutoka Tokyo. Foleni ya magari ilitukuta barabara kuu na haikutuacha mpaka karibu na lango. Tulipofika tukaambiwa tuna dakika 50 tu. Nilirudi nimekasirika, na si kwa ajili ya hela. Katika zile dakika 50 nilifanikiwa kujipenyeza mpaka chini ya mti mkubwa wa fuji ulioko pale, nikanyanyua uso, na hapo hapo nikasema moyoni: huu lazima mama auone.

Mama ni bibi shamba mstaafu. Zaidi ya miaka thelathini amepanda na kushuka milima ya Lushoto akiwaelekeza watu kupogoa mipeasi na miplamu na kuchimba matuta ya kukinga maji, na kuna miaka alihamishiwa kule chini Korogwe. Milima ile imemwachia magoti yanayouma. Alipopata nafasi ya kuja kukaa nami wiki tano, kuanzia mwanzo wa Aprili, nilijua mambo mawili: hatapanda basi, na hatakwenda siku ya sikukuu.

Nilipomwambia tunakwenda kuona fuji akanishika mkono. "Mwanangu, mimi mlima siwezi tena." Nikamweleza kwamba mlima Fuji ni kitu kingine kabisa. Majina yanafanana kwa sauti tu. Fuji hii ni mti unaotambaa, wenye maua yanayoning'inia, na Ashikaga, mkoa wa Tochigi, wameukuza mmoja ambao watu wanasafiri kutoka nchi nyingine kuja kuutazama.

Kazi kubwa ilikuwa kuchagua siku. Fuji za pale hazichanui zote pamoja. Zinaanza za waridi, zinafuata za zambarau, kisha nyeupe, na mwisho kabisa Mei yanakuja ya njano. Msimu mzima unaanzia katikati ya Aprili na kwenda karibu mwezi mmoja, ila joto likiwahi, nayo yanawahi. Ukitaka kuona zambarau imekomaa na nyeupe imeanza, lenga siku za mwisho za Aprili. Tarehe 29 Aprili ni sikukuu, na kuanzia hapo umati unaongezeka mpaka Mei 5 ipite. Kwa hiyo nilijitafutia Alhamisi kabla ya tarehe 29 na kuomba ruhusa kazini wiki tatu mapema.

Nilikuwa na kipimo kingine, na hiki nakisisitiza kwa yeyote anayepanga kwenda. Bei ya kiingilio haikai mahali pamoja. Inafuata maua. Kuna majira ni yen mia chache tu, na fuji zikikomaa inavuka yen 2,000. Wanatangaza bei kwa siku. Mimi nilikuwa naitazama kila asubuhi kabla ya kwenda kazini: ikipanda, najua vishada vinafunguka. Nilipomweleza mama alitafakari kidogo, akasema, "Kinyume cha nyanya. Nyanya zikiwa nyingi sokoni bei inaanguka. Hawa maua yakiwa mengi ndiyo bei inapanda." Ni kweli, na siku tuliyokwenda tulilipa zaidi ya yen 2,000 kila mmoja. Sikuona uchungu hata kidogo, kwa sababu bei ile ndiyo iliyoniambia kwamba nimepatia siku.

Tuliondoka kituo cha Ueno, Tokyo, saa 12 na nusu asubuhi kwa treni ya kawaida, si Shinkansen, ile treni ya mwendo kasi. Shinkansen inafika kituo cha Oyama upesi zaidi, lakini alfajiri treni ya kawaida inayotoka mjini ina nafasi, na mama alitaka kukaa dirishani aone mashamba. Ni saa moja na robo hivi. Oyama ndipo tunapobadilisha kuingia mstari wa Ryomo, na hapa mwenye mzee asikubali haraka haraka kile ambacho simu inampangia. Programu ya simu ilinipa dakika chache za kubadilisha. Jukwaa la Ryomo liko mbali na majukwaa mengine, kuna kutembea. Kijana atakimbia na atawahi. Mimi niliiacha treni hiyo iende, tukatafuta lifti, tukakaa kwenye benchi na chupa ya chai na chapati nilizozisonga usiku, tukasubiri iliyofuata. Ile nusu saa ya benchi ndiyo iliyoyaokoa magoti ya mama kwa siku nzima.

Treni ikaja, ikasimama, sisi tukasimama mbele ya mlango tukingoja ufunguke. Haukufunguka. Watu wa milango mingine walikuwa wanaingia, sisi tunautazama mlango. Nilishaanza kuingiwa na hofu, ndipo msichana mmoja wa shule aliyekuwa ndani akanyoosha mkono akabonyeza kitufe, mlango ukafunguka. Kumbe treni za mstari ule zina vitufe pembeni mwa mlango, nje na ndani, na abiria hufungua mwenyewe. Tokyo nilikoishi miaka minne sikuwa nimezoea hilo. Mama alikitazama kile kitufe mpaka tulipovuka vituo vya Tochigi na Sano.

Kituo chenyewe kinaitwa Ashikaga Flower Park na kilifunguliwa Aprili 2018. Zamani watu walishukia Tomita wakatembea. Sasa ni kama dakika tatu kutoka kituoni hadi langoni, na ndani ni tambarare. Mama alikuja na bakora yake, na hakuna mahali alipokwama.

Kwanza yalitufikia manukato, hata kabla hatujaona kitu. Ni harufu tamu, iliyokolea, inayokaa hewani kama imetandazwa. Halafu tukapinda, na ule mti ukawa mbele yetu.

Sitajaribu kuueleza wote. Shina ni moja, limepinda, na matawi yake yamelazwa juu ya kichanja chenye ukubwa wa mita za mraba 1,000 hivi, kimeshikiliwa na nguzo. Mama alisema ni kichanja kama cha pesheni, ila cha majitu. Vishada vinaning'inia kutoka juu, maelfu kwa maelfu, na chini yake mwanga wote unageuka zambarau, hata kitambaa cheupe cha mama kilibadilika rangi. Alisogea kwenye kishada kimoja kilichoshuka usawa wa uso wake. Hakukigusa. Alinionyesha kwa ncha ya kidole, kutoka juu kwenda chini: juu maua yameshafunguka na kuanza kupauka, katikati yamejaa, na huku mwisho bado ni vifundo vidogo mithili ya punje za mtama. "Kinafunguka kuanzia juu," akasema. "Huyu bado ana siku nne, tano." Akakipima kwa macho: mkono mmoja na shibiri.

Nyuki wanene weusi, wenye manyoya ya njano mgongoni, walikuwa wanapita kutoka ua hadi ua. Mama aliwafuatilia. Aliona jinsi nyuki anavyoukandamiza mdomo wa ua mpaka ukafunguka, akacheka kwa furaha, akaniambia: "Hii ni jamii ya kunde! Tazama ua lake. Tazama na majani, yamepangika huku na huku. Huyu ni ndugu yake glirisidia." Na kweli, waliowahi kuiona glirisidia ikichanua kule Korogwe watakumbuka yale maua ya waridi iliyopauka. Mama aliwapandisha watu glirisidia kwenye mipaka ya mashamba kwa miaka, kwa ajili ya mbolea na malisho, na sasa amesimama Japani, chini ya ndugu yake, na watu wamelipa kiingilio kuja kumwona. Machozi yalimtoka. Sikumuuliza, nilimpa leso.

Kilichomshika zaidi ni historia ya mti wenyewe. Nilimsimulia tukiwa tumekaa kwenye benchi. Mti huu una zaidi ya miaka 160, lakini haukuota pale. Ulikuwa kwenye shamba jingine la maua ndani ya Ashikaga, na shamba lilipotakiwa kuhama, karibu kilomita 20, kila mtaalamu aliyeulizwa alisema fuji yenye shina nene kiasi kile haihamishiki. Aliyekubali ni Konami Tsukamoto, mwanamke wa kwanza nchini Japani kupata sifa ya kuwa daktari wa miti. Maandalizi yalichukua miaka miwili. Mizizi ilikatwa kwa kuuzunguka mti ili iote mipya iliyo karibu na shina, na matawi yakapunguzwa. Shina la fuji ni laini, kamba zingelichubua, kwa hiyo wakalifunga hogo, hilo hilo la hospitali wanalomfungia aliyevunjika mguu. Februari 1996, mti ukiwa bado usingizini kwa baridi, wakauhamisha. Bustani ilifunguliwa mwaka 1997. Wakati ule kichanja chake kilikuwa na ukubwa wa mikeka 72 ya tatami, ile ya kutandika sakafuni ambayo Wajapani hupimia ukubwa wa vyumba, na leo umeongezeka karibu mara nane.

Mama hakusema "maajabu". Alianza maswali. Udongo wa huku uliandaliwaje? Vidonda vya mizizi walivipaka nini? Mwaka wa kwanza waliuacha uchanue au waliyakata maua? Mengine niliweza kumsomea kwenye maandishi, mengine sikuyapata, na alinung'unika kwamba nimempeleka kwa mgonjwa bila cheti. Kisha akanyamaza, akalitazama lile shina kwa muda mrefu sana. "Miaka miwili wanaandaa," alisema mwishowe. "Sisi mtu anang'oa mche asubuhi, jioni anashangaa umekufa."

Tulizunguka na mengine. Fuji za waridi zilikuwa zimeanza kupukutika na njia chini yake imepakwa rangi. Njia iliyofunikwa na fuji nyeupe, yenye urefu wa mita 80, ilikuwa imefunguka nusu. Maua ya azalea yamewaka kila upande. Tulikula aiskrimu ya zambarau, mama akasema sukari imezidi, ingawa aliimaliza. Mapicha ni mengi, ya zulia la maua, ya bwawa linaloakisi vichanja, lakini sikutaka siku iishie kwenye simu, nikaiweka mfukoni.

Tulipofika kwenye njia ya njano, haikuwa na ua hata moja lililofunguka. Ilikuwa kijani tupu na watu waliipita bila kugeuka. Mama ndiye aliyesimama. Alilivuta jani moja karibu na macho. "Hii siyo fuji," akasema. "Majani haya ni matatu matatu. Ile kule nimehesabu, ina vijani kumi na kitu kwenye kikonyo kimoja." Nikatafuta. Kweli, Wajapani wanaiita fuji ya njano kwa jinsi maua yake yanavyoning'inia, lakini ni mti mwingine, laburnum kutoka Ulaya, wa jamii hiyo hiyo ya kunde. Mbegu zake ni sumu. Sikuwahi kulijua hilo, na ni maua ambayo nilikuwa nimeyaweka kwenye simu yangu mwaka mzima kwa jina la fuji.

"Yanachanua lini?"

"Wiki ya kwanza ya Mei kwenda ya pili, mama."

"Na ndege yangu?"

"Tarehe 6."

Aliliachia lile jani taratibu. "Basi utakwenda wewe, unipigie."

Tuliondoka saa nane mchana, watu wengine ndiyo kwanza wanaingia. Wapo wanaokaa mpaka jioni kuona fuji zikiwashiwa taa, na wanasema ni pazuri mno, lakini nilikuwa namtazama mama anavyoiegemea bakora na nikaona inatosha. Kituoni treni ilipoingia alisogea mbele yangu, akabonyeza kitufe mwenyewe, mlango ukafunguka, akaingia bila kugeuka nyuma.

Alirudi nyumbani tarehe 6. Wiki iliyofuata, siku ya kazi, nilipanda tena treni ya saa 12 na nusu. Bei ya kiingilio ilikuwa imeshaanza kushuka, kichanja cha mti mkubwa kimegeuka kijani, na njia ya njano imejaa kutoka mwanzo hadi mwisho, kama jua limening'inizwa vipande vipande. Nikampigia kwa video. Lushoto ilikuwa bado giza la alfajiri na mama amejifunika khanga mbili. Nikatembea polepole chini ya yale maua, nimeinua simu, nikimngoja aseme neno.

"Mazuri," akasema. "Sasa shusha kamera, nionyeshe majani."