Huyu samaki amevuliwa na nini?

Jumamosi nikienda kununua samaki soko la Mwanjelwa, Mbeya, sianzi na bei. Namwuliza muuzaji, "Dada, hawa wamevuliwa na nini?" Wengi hunishangaa. Yule ninayenunua kwake kila wiki ameshanizoea; akiwa na magege, yaani perege, wasiozidi kiganja ananiwahi: "Mama, wa leo huwataki."

Nilikuwa darasa la tano, likizo kwa bibi Matema, kando ya Ziwa Nyasa, nilipovuta kamba ya kokoro, wavu wa kuburuta hadi ufukweni, pamoja na watu wazima. Wavu ulipopanda mchangani, jike moja la magege akafungua mdomo, vikamwagika vitoto vyake, vidogo kama punje za ulezi, kila kimoja na macho yake mawili meusi. Bibi akaniambia magege hulea mdomoni, na akishtuka huwatema. Vilikufa pale miguuni pangu. Sijawahi kushika ile kamba tena.

Dume la magege huchimba kiota kwenye mchanga wa chini, jike akataga na kuyabeba mayai mdomoni. Kokoro hupita hapohapo, likiparua mchanga na kufuta viota, likizoa samaki wakubwa na wadogo pamoja. Ndivyo na gayogayo, samaki bapa, wa Bahari ya Kaskazini kule Ulaya: kwa kuwa hujifukia mchangani, meli huburuta nyavu zenye minyororo mizito ili kumfurusha, na viumbe wengine wa sakafuni wanang'oka naye. Kwetu Kanuni za Uvuvi za 2009 zimelikataza kokoro kwenye maji baridi. Bado linavutwa.

Anayeniuma zaidi ni mbasa. Mvua zikikolea hupanda mito inayoingia Ziwa Nyasa, kama Mbaka na Kiwira, akatage kwenye changarawe yenye maji safi yanayotembea. Mtu anatega wavu mdomoni mwa mto, ukingo hadi ukingo. Mbasa anayenasa pale amebeba mayai tumboni, hajataga hata moja! Na hata akipita, huko juu tumelima mpaka ukingoni, tope linashuka na kufukia mayai yake. Mimi mbasa wa msimu wa kupanda sinunui, hata awe mnono vipi.

Nanunua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Wale wanaovuliwa usiku kwa taa, mbali na ufukwe, sina shaka nao. Usipa hukua upesi na maisha yake ni mafupi. Tatizo ni waliokokotwa ufukweni kwa chandarua. Kwa hiyo kabla ya kupimiwa kisado nachota kiganja kimoja, natandaza, natazama. Usipa ni mwembamba. Mtoto wa magege ni mpana, ana miiba mgongoni, hata akikauka unamjua.

Jumamosi iliyopita niliokota watatu, kila mmoja kama ukucha wa kidole gumba. Nikamwonyesha dada. Akawaweka pembeni ya mzani, akawatazama muda, akasema gari la Kyela likija Jumanne atamwuliza mwenye mzigo anachukua kwa nani.