Chakula kinachojua kungoja

Mara ya kwanza nilipowaalika marafiki waje kula kwangu, nilipika vitu vitano. Vitano, na jiko langu lina meko manne, na sufuria zangu za maana ni mbili tu. Nilianza kumenya vitunguu saa 8 mchana. Saa 2 usiku nilikuwa bado nimesimama palepale, jasho linanichuruzika, mwiko mkononi, nawasikia wenzangu wakicheka upande wa pili wa ukuta. Kuna kisa mmoja wao alikisimulia usiku ule ambacho hadi leo kikitajwa wote wanashika mbavu. Nami hucheka kwa kufuata mkumbo, maana wakati kikisimuliwa mimi nilikuwa nageuza samaki.

Nilipofika mezani hatimaye, wao walishamaliza nusu sahani. Neno la kwanza kunitoka lilikuwa la kuomba radhi: nyama imekauka kidogo, wali umeshikana, mnisamehe jamani. Wote wakasema chakula kitamu. Sikuwaamini, na sidhani kama wao wenyewe waliamini. Baadaye, nikisugua masufuria peke yangu, nikajiuliza kama watu wale nilikuwa nimewaita waje kuniona mimi au waje kunisikia nikigonganisha vyombo.

Tangu siku ile nina sharti moja tu. Wageni wakishaingia, sitaki chakula kinachonidai jikoni. Samaki wa kukaanga, mayai, chochote kinachokufa kikipoa, hivyo huvipika tukiwa wawili. Watu sita wanataka chakula kinachojua kungoja, kwa sababu katika watu sita hakosi mchelewaji. Wangu namfahamu kwa miaka mingi. Ukimwambia saa 12, ujue saa 12 ndipo anaingia kuoga.

Chakula changu cha kungoja ni maharagwe.

Ukisema umealika watu kula maharagwe, kuna uso hubadilika. Nimeuona. Lakini wengi wetu tumezoea maharagwe yaliyopikwa na mtu mwenye haraka, na hicho ni chakula kingine kabisa. Mimi naanza usiku wa kuamkia siku yenyewe: nayachambua kwenye sinia, nayaosha, nayaloweka kwa maji mengi na kijiko kikubwa cha chumvi. Ndiyo, chumvi. Na mimi niliambiwa tangu utotoni kwamba chumvi inayafanya yawe magumu, mpaka siku moja nikaloweka mabakuli mawili, moja na chumvi, moja bila, nikayapika kila moja kivyake. Ya chumvi ndiyo yaliyotangulia kulainika, na maganda yake hayakupasuka ovyo. Sodiamu iliyo ndani ya chumvi inachukua nafasi ya madini ya kalsiamu na magnesiamu yanayoshikilia ganda. Kinachoyagomesha ni uchachu. Tia nyanya mapema uone: utachochea moto mpaka uchoke nayo bado yanagonga jino. Kwangu nyanya haiingii sufuriani hadi harage libonyee kati ya vidole viwili.

Kuna moja silifanyii mzaha. Maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili, inaitwa fitohemaglutinini, na punje chache ambazo hazijaiva zinatosha kumtapisha mtu mzima. Joto la polepole haliiondoi. Wanaoyatupa mabichi kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo na kwenda zao wanajitafutia balaa. Maji ya kulowekea namwaga, natia mapya, kisha nayaacha yatokote kwa nguvu dakika 10 nzima ndipo napunguza moto. Kulaza marafiki sita kwa tumbo usiku mmoja si sifa ninayoitaka.

Halafu vitunguu. Hapa nina ugomvi na waandishi wa mapishi. Wanakuambia ukaange vitunguu dakika 10 mpaka viwe vya rangi ya kahawia na vitamu. Dakika 10! Kwa moto gani? Mimi navikata vinne vikubwa, navitia na mafuta na chumvi kidogo, moto mdogo, na hiyo safari haipungui dakika 45. Kwanza vinatoa maji na kunyong'onyea. Vinakaa hivyo muda mrefu mpaka unaona kama vimekusahau. Maji yakishakauka, ndipo rangi inaanza kuja, na hapo huruhusiwi kuondoka. Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard, ndiye aliyeeleza mwaka 1912 jinsi sukari na asidi za amino zinavyokutana kwenye joto na kuzaa rangi na ladha zile. Harufu ya mkate unaookwa, ya nyama iliyochomwa, ya kahawa iliyokaangwa, zote zina mkono wake. Ukoko wa kahawia unaong'ang'ania chini ya sufuria usiuogope. Maji nusu kikombe, kwangua kwa mwiko, umeshapata nusu ya mchuzi wako.

Vitunguu hivyo ndivyo navimimina kwenye maharagwe, pamoja na saumu na nyanya, na yote yanaendelea kwa moto wa kubembeleza. Wageni wakichelewa saa nzima, rojo inazidi kuwa nzito. Simpigii mtu simu kumuuliza amefika wapi.

Mkate nao haunidai kitu. Unga wa ngano gramu 500, maji mililita 350, chumvi gramu 10, hamira robo kijiko cha chai. Nakoroga usiku uleule wa maharagwe, nafunika, nalala. Sikandi. Hamira inakula sukari iliyo ndani ya unga na kutoa gesi, na ule mnato wa ngano unajisuka wenyewe taratibu unga ukiwa umelowa. Asubuhi donge limeumuka, limejaa mapovu, linanuka kichachu cha kupendeza. Nyumba ikiwa na joto kali naliwahi mapema, lisije likaumuka mpaka likaporomoka. Nalikunja, nalipumzisha, nalioka ndani ya sufuria nzito iliyokwisha kupata moto kwenye oveni ya nyuzi 230, nusu saa na mfuniko, kisha robo saa na ushee bila. Mvuke unaofungiwa humo ndani unazuia ngozi ya mkate isikauke kabla haujamaliza kupanda. Ukitoka, usiukate. Najua unanukia. Ndani bado unaiva, na kisu kitatoka na ute.

Mabadiliko makubwa zaidi, lakini, hayakuwa ya sufuriani. Nilianza kuwaita watu kabla chakula hakijaiva. Anayefika wa kwanza anapewa kisu na matango. Mwingine anaonja, mwingine ananiambia mambo ya kazini kwake huku amekaa juu ya kabati akiwa ameuziba mlango wa droo ninayoitaka. Jikoni hamtoshi hata kidogo. Wanakaa humohumo.

Jiko lenye wapishi wengi lina yake, bila shaka. Jioni moja nilitia chumvi, nikaenda kufungua mlango. Aliyebaki akaonja kabla chumvi haijayeyuka, akaona pamepooza, akatia yake. Mchelewaji, ambaye kwa miujiza aliwahi siku hiyo, akafanya vivyo hivyo. Mimi nilionja wa mwisho. Ilikuwa kama kumeza maji ya bahari.

Ukazuka mjadala. Mmoja akashika kiazi, akasema kitainyonya chumvi. Nikamwambia kiazi kitanyonya mchuzi, na mchuzi kitakaounyonya una chumvi ileile ya utakaobaki. Hakukubali, akakitumbukiza. Dawa ya chumvi ni wingi: tukachota karibu nusu ya mchuzi, tukautia kwenye sufuria ya pili, tukaongeza maji pande zote mbili. Kwenye friji nilikuwa na maharagwe mengine niliyoyachemsha bila chumvi kwa ajili ya wiki nzima, yakamwagwa yote. Viazi vingine vikafuata, safari hii kwa idhini yangu, kwa sababu tulihitaji cha kujaza. Tukaonja, tukaongeza, tukaonja tena. Saa 3 kasoro tukawa na chakula cha watu kumi na wanne, sisi tukiwa sita.

Tulikula kwenye mabakuli tukiwa tumesimama, mkate tukiumega kwa mikono. Sikuomba radhi hata mara moja. Ningeanzaje? Kila aliyekuwepo alikuwa na hatia. Kisa cha chumvi kilisimuliwa mara tatu usiku uleule, kila mara na mshtakiwa mwingine, na nilikuwepo mwanzo hadi mwisho.

Kilichobaki nilikigawa kwenye makopo mapana ili kipoe upesi, kiingie friji kabla saa mbili hazijapita, na kila mtu akaondoka na lake. Yule mtu wa kiazi alichukua kopo langu zuri, lile la kioo lenye mfuniko wa kubana. Nikajua nimeliaga.

Lilirudi wiki mbili baadaye, nikalikuta mlangoni ndani ya mfuko. Zito. Nikafungua mfuniko. Lilikuwa limejaa chumvi mpaka juu.

Bado naitumia.