Mizani kwanza, hasira baadaye

Shairi la kuwajibu watawala huharibika linapoanza na maneno makubwa kama "dhuluma". Anza na kitu kinachoshikika: "Bei ya unga yapanda, wakubwa mnatazama." Ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) una mizani, yaani silabi, 8; utao (nusu ya pili) 8. Hiyo m ya "mnatazama" ni mizani kamili. Wengi hawaihesabu, wakachomeka silabi ya ziada na mshororo ukazidi.

Shika vina (silabi za mwisho zinazofanana) vya -nda na -ma kwa mishororo 3. Wa 4 ni kibwagizo, na makali yawe hapo kwa sababu hurudiwa kila ubeti. Napendelea kiwe swali. Hata nathari (maandishi yasiyo shairi) hulihitaji: mshairi wa Kenya Abdilatif Abdalla aliuliza kwenye waraka "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968, akafungwa miaka 3.

Jina la waziri liache. Akihamishwa wizara, ubeti umechacha.