Meza ya bahari: madoa meusi yameondoka

Yameondoka! Natengeneza meza inayoonyesha ramani za bahari kwa projekta na kuitikia mikono. Wiki tatu nimepigana na madoa meusi kandokando ya mawingu kwenye ramani hizo, na usiku huu hakuna hata moja. Naandika sasa hivi mambo yakiwa bado ya moto.

Projekta na kihisi cha mikono havina shida tena. Tatizo lilikuwa kwenye ramani zenyewe: kiasi cha klorofili (rangi ya kijani ya mimea midogo ya baharini) kutoka PACE, setilaiti ya NASA iliyorushwa Februari 2024, ramani za siku 8 zenye pikseli 8640 kwa 4320. Penye wingu setilaiti haioni bahari, basi faili huandika -32767, alama ya pengo. Nililijua hilo, na kichujio nilikiweka. Lakini nilikuwa napunguza picha kwanza ili ienee mezani, ndipo nachuja. Chukua pikseli moja ya wingu na jirani zake watatu wazima wenye 0.2 kila mmoja: wastani wao ni -8191.6. Hiyo si -32767 tena, kichujio kinaipisha, logariti ya namba hasi inagoma, na pembeni mwa kila wingu panabaki pete nyeusi. Nilibadilisha kebo, nikapanga rangi upya mara nne, kumbe ni mpangilio wa hatua tu.

Sasa nafuta mawingu kwanza, nachukua logariti, kisha wastani. Logariti itangulie wastani, tafadhali: pikseli moja ya pwani yenye 20 inaimeza bahari kuu yote yenye 0.05. Kazi hii xarray, maktaba ya Python, inaifanya vizuri, maana wastani wake huruka penye pengo bila kuambiwa. Zile programu za kuunganisha vijisanduku kwa nyaya nimeziacha. Ni nzuri kwa kujaribu, ila zinakuonyesha rangi na kukuficha namba, na mimi ugonjwa wangu ulikuwa kwenye namba.

Hatua iliyofuata ilipaswa kuwa kuongeza sauti. Isubiri. Nilipofungua Julai, pwani ya Somalia ilikuwa nyeupe tupu. Ni msimu wa kusi: upepo unavuta juu maji baridi yenye rutuba, fitoplanktoni, ile mimea midogo, wanachanua kweli kweli, na mawingu yanafunika yote. Nikawaza, kwa nini niyafiche? Nimeyaacha yawe meupe, na mtu anayafuta kwa kiganja. Chini yake inatokea thamani ya mwisho iliyoonekana, iking'aa kama ni ya juzi, ikififia kama ni ya zamani.

Rafiki yangu amejaribu jioni. Pwani ya Somalia ilipogeuka kijani chini ya vidole vyake alinyamaza kabisa. Kisha akashuka hadi Antaktika, akafuta, akafuta tena.

"Mbona huku hakufutiki?"

Nikamweleza kwamba kule Julai ni giza la majira ya baridi, na setilaiti hii inasoma mwanga wa jua unaorudi kutoka majini, basi thamani ya mwisho ni ya zamani mno, imeshafifia. Kiganja chake hakikutoka pale. "Jua linarudi lini?"

Kesho naanza kutengeneza gurudumu la kuzungusha miezi.