Nilivyoacha kupasha joto nje ya nyumba

Msimu ule wa baridi ulinikuta na hita moja ya wati 2,000, nikiamini inatosha. Nikirudi jioni naiwasha, nalala nayo, asubuhi naizima nikikumbuka. Chumba kilipata joto, sikatai, ila robo saa baada ya kuizima miguu ilianza kuganda upya.

Sitadanganya kwamba nilianza kubana umeme kwa ajili ya mazingira. Nilianza kwa ajili ya bili. Jioni moja nikasimama mbele ya mita, saa mkononi. Hita ile haina kidhibiti joto, ikiwashwa inakula mfululizo: saa moja, uniti 2. Nikazidisha kwa saa 8 za usiku, zikawa 16. Uniti hizo zingewasha balbu ya LED ya wati 9 usiku na mchana kwa zaidi ya siku 70. Na mimi ndiye niliyekuwa nagombana na watu wa nyumbani kwa kusahau taa ya chooni!

Sasa joto lote lile lilikuwa linakwenda wapi? Usiku mmoja wenye upepo niliwasha mshumaa, nikaupitisha taratibu kando ya milango na madirisha (mapazia niliyatoa kwanza, nisije nikaunguza nyumba). Kwenye madirisha moto uliinama kidogo. Chini ya sinki, pale bomba linapotokea ukutani, ukayumba. Chini ya mlango wa mbele ukalala kabisa, kisha ukazimika. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja: mwanya wa unene wa kidole, na upepo unaingia kama mwenye nyumba.

Dawa ya mlango ilikuwa jinzi iliyochanika magotini. Nilikata mguu mmoja, nikaushindilia vitambaa chakavu, nikashona ncha zote mbili. Ukawa kama nyoka mnene anayelala kizingitini. Vipo vya kununua, lakini sioni maana ya kwenda kununua kitu kipya ili uitwe mtunza mazingira huku kabati limejaa nguo usizozivaa. Madirisha niliyabandika utepe wa sponji, tundu la sinki nikaliziba kwa silikoni. Mapazia nayafungua jua likipiga, nayafunga kabla giza halijaingia.

Nikanogewa. Nikaziba hata tundu la hewa la bafuni.

Haikuchukua muda, vioo vikaanza kutiririka maji kila asubuhi. Nyuma ya kabati la nguo likatokea doa jeusi la ukungu, na sweta zikanuka kama mbao zilizolowa. Kumbe kupika, kuoga, kuanika nguo ndani, hata kupumua tu, vyote vinatoa mvuke. Ukikosa pa kutokea, unaufuata ukuta wa baridi na kugeuka maji hapo. Nilizibua tundu siku ileile. Tangu hapo, kila asubuhi nafungua wazi madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika 5 hadi 10. Hewa inabadilika kabla kuta hazijapoa, ndiyo maana chumba kinarudisha joto upesi. Kabati nalo nimelisogeza mbele kidogo, hewa ipite nyuma yake.

Wakati ule kuna mtu alinishauri niachane na umeme, niingize jiko la mkaa chumbani. Hapana. Mkaa ukiwaka ndani hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Hata dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemea.

Kilichopunguza uniti kuliko vyote ni kuacha kupasha chumba kizima na kujipasha mimi mwenyewe. Nusu saa kabla ya kulala naweka chupa ya mpira ya maji ya moto upande wa miguuni. Kuchemsha lita moja na nusu hakumalizi hata robo ya uniti. Maji nayaacha yatulie kidogo kwanza, siijazi mpaka mdomoni, naikamua hewa ndipo nafunga kizibo. Nikiingia kitandani na soksi zangu, shuka lishapata joto. Nguo nafua kwa nyuzi 30, na kuoga ni fupi. Hapo sina hadithi.

Siku hizi jioni hita inawaka kwa muda wa saa moja na nusu, basi. Uniti 3 badala ya 16. Usiku chumba kinapoa, ndiyo, na kutoka chini ya blanketi alfajiri bado ni kazi.

Dirisha la jikoni ndilo limenishinda. Fremu imepinda na sponji haishiki. Juzi nimepitisha mshumaa tena, moto ukacheza palepale pa siku zote. Nimekunja taulo kuukuu nikalichomeka hapo wakati namtafuta fundi.