Siku moja ya Mama Maendeleo: kijiji kinapojipima chenyewe

Ukisema wewe ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, swali la kwanza unaloulizwa ni hili: mikopo inatoka lini? Ni kweli, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inatupitia sisi. Tunavikagua vikundi, tunavifundisha, tunafuatilia marejesho. Lakini kazi inayonichosha kuliko zote, na ninayoipenda kuliko zote, haina hundi wala picha ya makabidhiano. Ni kukaa na wanakijiji chini ya mkorosho na kuwauliza: mmesogea au mmesimama palepale? Kisha nisubiri mpaka wakubaliane jibu wao kwa wao. Nimeandika siku moja ya mwezi wa saba, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala, kwa ajili ya wale wanaodhani tunakwenda mikutanoni kunywa soda.

Saa kumi na moja alfajiri

Huku juu ya uwanda wa Makonde siku inaanza na maji. Mchanga wetu unayanywa maji yote ya mvua, na chemchemi ziko chini mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde, wenye chanzo chake Mitema kwenye bonde la Kitangari, umeanza enzi za mkoloni, na hadi leo maji hayo yanasukumwa kupanda mlima. Yakikatika, mwenye kisima cha saruji uani, kile kinachovuna mvua kutoka kwenye bati, anachota kwake. Asiye nacho ananunua au anatembea. Mimi nachota, naandaa watoto, nakunywa chai kwa ming'oko, viazi pori vya huku kwetu, iliyobaki jana.

Saa moja asubuhi

Ofisi ya kata. Nasaini, nachukua bango kitita, kalamu rashasha, gundi ya karatasi na mafuta ya pikipiki ambayo leo, namshukuru Mungu, yapo. Njia ni ya mchanga mwanzo mwisho. Ukikaza breki unaanguka, ukilegea unazama.

Saa tatu kasoro

Nimefika. Barua ya mwito inasema mkutano ni saa tatu kamili. Uwanjani yupo Mtendaji wa Kijiji na benchi mbili.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu wageni wakikuta uwanja mtupu huandika kwenye ripoti zao kwamba "mwamko wa wananchi ni mdogo". Mwezi wa saba mikorosho inatoa maua, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, unavizia maua hayo. Dawa yake ni salfa, na salfa inapulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo haujaamka. Ukikosa siku zako za kupuliza umekosa mwaka mzima. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuacha mashine ya kupulizia aje kunisikiliza mimi saa tatu asubuhi. Saa za mwito zinapangwa na watu wasiokuwa na mkorosho hata mmoja, na mkulima ndiye anayeitwa mvivu.

Nikakaa na Mtendaji tukapitia daftari la wakazi. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982, ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25 tu. Tofauti hiyo ni kubwa katika kupima maendeleo. Wajumbe wangeweza kunijazia fomu yangu kwa nusu saa na ningerudi nyumbani mapema, ila ningerudi na maoni ya wajumbe.

Saa tano

Wanaanza kuingia. Wengine wana unga wa njano wa salfa kwenye nyusi na mabegani, macho mekundu. Wamekuja hivyohivyo, hawajaoga, hawajala. Wanawake wamekaa kwenye kanga upande wa kivulini, wanaume kwenye benchi, vijana wamesimama na pikipiki zao kwa nyuma. Mwenyekiti anafungua. Nasimama, nasalimia, naeleza kazi ya leo: tutagawanyika makundi matatu, kila kundi litataja lenyewe dalili za maisha kuwa bora, litapiga kura kwa kokoto, kisha tutakutana ana kwa ana tulinganishe.

Hapo ndipo mzee mmoja akanyoosha fimbo.

"Binti, shika adabu yako kidogo. Kabla hujatuuliza, tujibu."

"Shikamoo babu. Nakusikiliza."

"Marahaba. Mara ya mwisho walikuja watu na gari. Wakatuchoresha, wakatuhesabisha, tukakaa mpaka jua likazama. Karatasi iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Sikuwapo, na ofisini kwangu hakuna kumbukumbu ya zoezi hilo. Nikasema hivyo.

Akaendelea, na aliendelea sana. Alieleza kwamba yeye si mgeni wa mambo haya. Miaka ya tisini alikuwa kijana, wakati wa RIPS, ile programu ya maendeleo vijijini iliyofadhiliwa na Finland hapa Mtwara na Lindi hadi mwaka 2005. Nyakati hizo, akasema, waliichora ramani ya kijiji chini kwenye mchanga, majani yakiwa mashamba na majivu yakiwa njia, na kila mtu aliruhusiwa kuinama na kurekebisha. Akaitaja njia moja moja. Akautaja mwembe uliokatwa. Akamtaka Mwenyekiti athibitishe, Mwenyekiti akathibitisha. Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Babu, tuna njaa!" Mzee akageuka akamkaripia, na karipio lenyewe likaingia kwenye ukoo wa yule kijana, na mjomba wa kijana akasimama kuutetea ukoo. Mtendaji akatazama saa. Jua likafika katikati. Mama mmoja akaanza kukunja kanga yake ili aondoke, na mimi nikiona kundi la wanawake linapungua hivi hivi naona siku nzima inamwagika.

Nilimuuliza mzee: "Babu, unataka nifanye nini ili tuendelee?"

"Karatasi ya leo haiondoki hapa."

Nikamwambia hiyo ndiyo kanuni yangu pia. Bango linabaki ukutani mwa ofisi ya kijiji, mimi naondoka na nakala. Hakuniamini. Akataka iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, ikaandikwa. Akataka isomwe, ikasomwa. Akataka Mwenyekiti apige muhuri, na mwenye ufunguo wa kabati la muhuri alikuwa bado shambani. Tukamtuma kijana na pikipiki.

Sasa mtu atasema huyo mzee ni msumbufu. Ni msumbufu, sikatai, kichwa kiliniuma. Ila kwa muda wote ule hakuna aliyemwambia anasema uongo. Watu huja vijijini kwetu, wanauliza maswali ya ndani kabisa, mnakula mara ngapi, choo kikoje, deni ni la nani, kisha majibu yanapanda gari na hayarudi. Kijiji kilichopimwa namna hiyo kinajifunza kumjibu mgeni kile anachotaka kusikia, aondoke upesi. Takwimu za namna hiyo zinajaza makabati ya watu.

Saa nane, au karibu na hapo

Muhuri ulifika. Makundi yakagawanyika.

Wanaume walitaja bati, barabara, zahanati, boma la madarasa walilolinyanyua kwa nguvu zao hadi usawa wa renta na linalosubiri kupauliwa. Maji wakayapa alama 4 kati ya 5, kwa sababu kituo kipo na mabomba ni mapya. Vijana walitaka kazi baada ya msimu, na mtandao wa simu. Haya yote yana nafasi yake kwenye fomu yangu, nikayaandika haraka.

Kundi la wanawake ndilo lililonishika. Maji waliyapa 2. Kituo kipo, ndiyo, wakasema, lakini tuhesabieni na saa tunazopanga foleni. Halafu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema dalili ambayo sijawahi kuiona kwenye fomu yoyote ya serikali wala ya shirika:

"Mtu aliyeendelea ni yule ambaye korosho zake zinafika ghalani zikiwa zake."

Kimya kidogo, kisha wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Ni kangomba, kumuuzia mtu binafsi korosho kabla ya msimu. Tangu 2007 korosho za huku zinatakiwa kupita chama cha msingi na stakabadhi ghalani, ziuzwe mnadani. Lakini mnada unafunguliwa mwezi wa kumi, na njaa haifuati kalenda ya mnada. Januari kuna sare na madaftari. Baadaye kuna mgonjwa, kuna mtoto wa kuchezwa unyago. Mwenye fedha anakuja na shilingi zake leo, anahesabu korosho ambazo bado ni maua mtini, na msimu ukifika anazikusanya kwa bei yake. Mkulima anaonekana ana shamba, ana bati, hata kwenye takwimu yumo kama mzalishaji, na mavuno yote ni ya mtu mwingine. Mama mmoja akakumbusha mwaka 2018, serikali ilipozinunua kwa kutumia jeshi kwa shilingi 3,300 kwa kilo: bei ikatangazwa redioni, na yeye akaisikia akijua hana kilo hata moja iliyobaki ya kwake.

Tukakubaliana tuipime papo hapo. Hakuna anayeweza kunyoosha mkono mbele za watu kwamba ameuza kangomba, ni aibu na ni kosa kisheria. Kwa hiyo tuliweka makopo mawili nyuma ya ukuta wa ofisi, moja la waliofika mwezi huu korosho zikiwa zao, jingine la ambao zimeshashikwa. Kila mama akapewa kokoto moja, akaenda peke yake, akarudi. Makopo yakamwagwa kwenye kanga. Kokoto za kopo la pili zilikuwa nyingi kuliko za la kwanza, na zilihesabiwa mara mbili kwa sababu hakuna aliyetaka kuamini.

Tulipokutana ana kwa ana, moto ukawaka. Wanaume hawakuikataa hesabu, waliikataa karatasi. Ukiandika hivi kijiji chetu kitaonekana cha wahalifu, mmoja akasema, na kesho watakuja na karandinga. Mtendaji naye alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wake niliuelewa, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Wanawake wakasema isipoandikwa wao hawabandiki alama nyingine yoyote. Mabishano haya sikuyaingilia. Kazi yangu hapo ni kushika kalamu na kuhakikisha mama mwenye sauti ndogo anamaliza sentensi yake. Maneno yalibadilishwa na kufutwa nisijue mara ngapi, hadi yakatulia hivi: "Kaya zinazofika msimu bila deni la korosho." Hayamtaji mhalifu yeyote, na kila mtu kijijini anajua yanasema nini. Na hapohapo, bila mimi kupendekeza, wakapanga kwamba vikundi vyao vya kuweka na kukopa vianze mfuko wa Januari, wa sare na madaftari tu.

Maji yakashuka hadi 3 baada ya wanaume kukubali kwamba hawajawahi kupanga foleni ile. Nadhani ilistahili 2, lakini alama si yangu.

Jioni

Saa sikuangalia tena. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni ofisini kwa kijiji nikinakili bango kwa mwanga wa simu, kwa sababu picha peke yake haikumtosha yule mzee. Alisimama juu yangu na fimbo yake akisoma neno kwa neno. Vitongoji nimevipanga vibaya, akasema, hiki kilianza kabla ya kile. Nikafuta, nikapanga upya. Boma la madarasa halina idadi ya vyumba, weka. Nikaweka. Magoti yaliuma, tumbo lilikuwa tupu tangu ile ming'oko, mpaka mama mwenye mtoto mgongoni alipotuletea ugali wa muhogo na kisamvu, tukala wote sakafuni pale, mzee naye. Akalibandika bango kwa mkono wake, akakung'uta gundi vidoleni, akaniaga, "Nenda salama, mwanangu."

Kurudi usiku kwenye mchanga sitaki hata kusimulia.

Nyumbani, watoto wamelala, nikafungua fomu ya taarifa ya mwaka. Kaya zenye bati: kisanduku kipo. Vituo vya maji vinavyofanya kazi: kipo. Mahudhurio ya mkutano, me na ke: kipo. Deni la korosho halina kisanduku. Nikaliandika kwenye "maelezo mengine", kwa maneno yaleyale waliyoyakubali, na hesabu ya kokoto pembeni.

Mwenzangu wa mipango aliisoma usiku huohuo akanipigia. "Dada, hii tuiite takwimu kweli? Makopo na kokoto?" Nikamwambia imehesabiwa mara mbili mbele ya mkutano, ina muhuri, na iko ukutani ambako mwenye shaka anaweza kwenda kuipinga. Mwezi wa kumi, mnada ukishafunguliwa, wanahesabu tena. Nimemwomba aje, na nimemwambia mkutano utaanza saa tano.